Simulesheni ilisema "migongano: 0", mimi nikapoteza moldi nzima

Nyota moja. Naanza na hiyo ili mwenye haraka aondoke nayo, ingawa jana nilipoanza kuandika ilikuwa sifuri, na kabla sijamaliza huenda ikapanda. Mnisamehe, hasira bado haijashuka.

Programu yenyewe sitaitaja jina. Wenzangu wa CNC, mashine za kukata chuma zinazoongozwa na kompyuta, hapa Dar wataijua, na wakala anajijua. Ni ile ya kulipia kwa mwaka: unaipa umbo la kipande, inakuchorea njia za kisu, inakuonyesha kwenye kioo kisu kikikata (hiyo ndiyo simulesheni), halafu inakutolea faili la kupeleka kwenye mashine. Mambo ya inataka kompyuta ya aina gani na ina vitufe vingapi mtayakuta kwenye matangazo yao. Mimi nina jambo moja tu la kusema, na jambo hilo lina herufi tatu.

Kazi ilikuwa moldi, yaani kalibu, ya chupa ya juisi, nusu mbili za alumini ngumu ya aina ya 7075. Mteja wa Mbagala hakutaka chupa ya kawaida, alitaka mwili wenye mifereji inayojizungusha kama kamba ya katani. Aliyewahi kukata umbo la namna hiyo kwa mashine ya mihimili mitatu, inayosogea kushoto-kulia, mbele-nyuma na juu-chini tu, anajua shughuli yake. Nusu ya chupa ni kama hori: kuta za pembeni zimesimama, chini pamelala, na juu ya hayo yote mifereji inapita kwa mshazari, kila mahali mteremko wake. Kwa mkono huwezi kuandika programu ya kitu hicho. Ni lazima kompyuta ikuchoree.

Na hapa lazima niwe mkweli hata kama roho inauma: kuchora inajua. Penye ukuta uliosimama inashuka ngazi kwa ngazi kufuata kimo. Panapolala inapita kwa mistari sambamba. Mahali pa kubadilisha inapaona yenyewe, na maungio hayaonekani. Nilitumia kisu cha kichwa cha mviringo cha milimita 6, hatua ya pembeni 0.3, na vijituta vinavyobaki kati ya mstari na mstari havifiki hata mikroni 4. Kitambaa na dawa ya kung'arishia kidogo, basi.

Kingine. Mashine yangu ni ya mtumba, kontrola yake, yaani ubongo wake, ni Fanuc ya zamani, na mafaili makubwa inalishwa kwa waya wa RS-232 kwa kasi ya 9600, yaani chini ya herufi elfu moja kwa sekunde. Ukiipa njia iliyokatwakatwa vimistari vya sehemu ya kumi ya milimita, inameza kuliko waya unavyolisha. Inasita, inasubiri, inaendelea, na kila iliposita inaacha alama kwenye alumini. Programu hii, kwenye zile pasi za kimo, inaunganisha vimistari kuwa matao, kwa amri za G2 na G3. Faili linakonda, mashine haikohoi. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilimwita dogo aje aone, tukasimama tunaangalia kama watu wanaoangalia mpira.

Kwa hiyo niliiamini. Kosa langu la kwanza hilo, kama mnatafuta makosa yangu.

Ilikuwa Ijumaa moja katikati ya masika. Usiku wake nilikuwa nimekesha kwenye simulesheni. Niliizungusha mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimeingiza hadi kishikio cha kisu, vaisi na boliti za kubania. Kila kitu kijani. Chini ya kioo: migongano 0. Asubuhi nikapandisha gogo la alumini, nikaanza na kisu cha kukwangulia cha milimita 12. Mwanzo wa kisu nilisimama mwenyewe, mkono kwenye kitufe, kasi ya kuruka, ile ya kusogea bila kukata, nimeishusha hadi robo. Kilipoanza kukata vizuri nikaifungua yote. Masaa matatu na kitu kinakwangua, sauti tamu kabisa. Nikamwachia dogo, nikaenda kunawa nile wali maharage wa mama ntilie.

Sikula. Nilisikia mshindo nikiwa bado bombani.

Kisu kilikuwa kimemaliza kukwangua na kupanda juu salama. Kilichotakiwa baada ya hapo ni kwenda nyumbani ili kibadilishwe. Badala ya kupanda kikashuka, kwa kasi ya kuruka, katikati ya tumbo la chupa, kikagota sakafu ya moldi. Kisu vipande. Alamu ya mhimili wa Z, ule wa juu-chini. Kwenye sakafu ya alumini shimo ambalo hata leo dogo akipita karibu na lile gogo anageuza uso. Mashine yangu inaruka mita 20 kwa dakika; kutoka juu hadi pale chini ni kama nusu ya sekunde tu. Mtu angekuwa na kidole juu ya kitufe chekundu asingewahi. Nilimwambia hivyo dogo, maana alikuwa anatetemeka akidhani nitamfukuza.

Nikafungua faili kama maandishi ya kawaida. Haikunichukua hata dakika tano. Mwanzo wa faili waliandika vizuri: G91 G28 Z0. Mwisho wa kila kisu wakaandika G28 Z0 peke yake, G91 hakuna, wakati mashine bado iko kwenye G90.

Kwa wasioishi na haya mambo: G28 ni kurudi nyumbani, lakini hairudi moja kwa moja, inapitia kwanza kwenye nukta unayoitajia. Ukitanguliza G91, inayopima kuanzia pale kisu kilipo, Z0 maana yake ni "usisogee popote, nenda nyumbani". Ukiiacha kwenye G90, Z0 ni sifuri ya kipande chako, mahali ulipochagua vipimo vianzie: "kwanza shuka mpaka sifuri, ndipo urudi". Mashine haikukosea. Ilitii ilichoandikiwa.

Na simulesheni? Hii ndiyo sehemu inayonichoma. Simulesheni yao haisomi faili linalokwenda kwenye mashine. Inasoma njia za kisu zilizomo ndani ya programu yenyewe, kabla ya kupita kwenye posti, ile sehemu inayogeuza njia kuwa lugha ya kontrola. Posti ni mkalimani. Usiku kucha nilikuwa namsikiliza msemaji, kumbe mashine inamsikiliza mkalimani. Zile rangi za kijani hazikuwa na habari yoyote na mstari ulioniua. Hakuna mahali kwenye kile kioo pameandikwa hivyo. Pameandikwa migongano 0.

Nikapiga simu kwa wakala. Akapokea kijana.

"Niambie, mkuu."

Mimi nina miaka hamsini na kitu. Salamu hakuna, niambie mkuu. Nikajizuia, nikamweleza. Akasikiliza huku akichapa kitu kingine, nasikia vitufe. Halafu akauliza: "Sifuri ya Z uliweka wapi?"

"Chini ya kipande."

Akacheka. Wallahi alicheka. "Aa, mzee, chini? Nani anaweka chini siku hizi? Watu wote wanaweka juu. Sisi posti hii tumeijaribu hapa na haijawahi kusumbua. Hilo ni la opereta."

Sasa sikilizeni. Mtu wa moldi anaweka sifuri chini kwa sababu uso wa juu ataukata. Ukishaukwangua, sifuri yako iko wapi? Angani. Chini hapaguswi, na hata ukiweka kisu kipya unapima kutoka mahali palepale. Sio ushamba huo, ni mazoea ya kazi.

Na hapo hapo, hasira ikiwa imenikaba, nikaelewa kwa nini kwao "haijawahi kusumbua". Ukiweka sifuri juu ya kipande, kosa lilelile linatokea, ila kisu kinashuka mpaka kwenye uso wa juu, kinaugusa kidogo, kinapanda. Hakuna mshindo. Hakuna alamu. Ukiwa unaangalia simu huoni kitu. Nikamwambia: "Mwanangu, nenda kachukue vile vipande mlivyojaribia. Angalia juu, pale kisu kilipomalizia. Utakuta kidoa. Ukikikuta, nipigie." Nikakata.

Hasara yenyewe naisema kwa ufupi maana nikirefusha presha itapanda. Gogo limekwenda, 7075 si alumini ya kuchomelea ukategemea ishike. Kisu kimekwenda. Spindo, inayozungusha kisu, nikaipima kwa dayo geji, kile kipimo cha mshale, inayumba milimita 0.03 mahali ambapo zamani mshale ulikuwa haucheki. Mteja wa Mbagala alisubiri karibu wiki mbili zaidi, na alinipigia kila siku saa moja asubuhi, kabla ya chai.

Siku mbili baadaye simu ikaita usiku. Namba ya wakala.

"Shikamoo mzee."

Ilichelewa siku mbili, lakini nikaipokea. Marahaba. Kijana alikuwa amekwenda kuangalia. Vipande vinne, vidoa vinne, kila kimoja palepale kisu kilipomalizia. Nadhani alikuwa na aibu kweli, sauti ilikuwa ndogo. Usiku huohuo akairekebisha posti mwenyewe, akanitumia kwa WhatsApp, na akanionyesha namna ya kuondoa G28 kabisa na kuweka G53 Z0, inayokwenda moja kwa moja kwenye sifuri ya mashine bila kupitia popote. Nikajaribu hewani, sifuri ya kipande nimeipandisha juu milimita 100. Safi. Moldi ya pili ikatoka, na mifereji yake ilivyotoka, ukimulika tochi pembeni huoni hata mstari mmoja wa kisu. Mteja aliipapasa akauliza kama nimepaka kitu.

Siku hiyo nilikuwa tayari kuwapa nyota nne.

Kisha ikaja barua pepe kutoka makao yao, siyo kutoka kwa kijana. Malalamiko yangu yamefungwa. Sababu: "makosa ya mtumiaji katika kupanga sifuri". Chini yake wakanialika kwenye mafunzo ya siku moja ya kurekebisha posti. Ya kulipia.

Haya. Kuna maswali mtaniuliza, acha niyajibu kabla. Ndiyo, ningepaswa kulisoma faili. Ndiyo, ningepaswa kulipitisha lote hewani, siyo mwanzo tu. Ndiyo, kuna vikaguzi vya bure kama CAMotics vinavyosoma G-kodi yenyewe, yaani amri zilizomo kwenye faili la mashine, na sikuwa nimehangaika navyo kwa sababu nilishalipia ukaguzi. Fundi mwenzangu wa Keko ameniambia kwa kejeli, "Wewe uliyetufundisha kutoamini mashine." Amepatia. Lakini kama kusoma mistari laki mbili kwa macho ndiyo ukaguzi, basi waondoe ile rangi ya kijani kwenye kioo, tujue moja.

Halafu juzi kati limekuja toleo jipya. Nikatoa kazi ileile, nikaliweka faili la zamani na jipya pembeni kwa pembeni. Tofauti ni moja. Mwisho wa kila kisu sasa pana G91. Kwenye orodha yao ya mabadiliko wameandika "maboresho madogo". Madogo! Sina hakika kama wanajua shimo lile lina kina gani.

Kwa hiyo: kuchora njia, tano. Yule kijana, tano, na salamu nimemsamehe. Ukaguzi wao, sifuri. Waliofunga malalamiko yangu sina nyota inayowafaa. Ukijumlisha sijui inakuwa ngapi, nimeacha ile moja ya mwanzo.

Mwenye toleo la kabla ya hili jipya afungue faili lake sasa hivi, atafute G28, aangalie kama G91 imetangulia kwenye kila mstari, siyo ule wa kwanza tu. Na anayeweka sifuri juu aangalie vipande vyake vya zamani, palepale kisu kilipomalizia.

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Kijana ameshapiga kuuliza kama naongeza mwaka mwingine. Ameanza na shikamoo. Nimemwambia anipigie Jumatatu.