Jeraniamu za harufu kwa ajili ya chai: ipi ununue ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Ukiuliza jeraniamu kwenye vitalu vya miche huku Nyanda za Juu Kusini, utaonyeshwa kwanza ile yenye maua makubwa mekundu au ya pinki. Hiyo ni ya kupamba baraza, iache. Ya kutia kwenye kikombe ina maua madogo, na siku unayoinunua huenda haina ua hata moja, kwa sababu thamani yake yote iko kwenye jani. Shika jani, lisugue taratibu kwa vidole viwili, unuse. Kama harufu haikukupendeza pale kitaluni, haitakupendeza ikitoka kwenye birika.

Nimezipanga kwa kigezo kimoja: ipi itakupa kinywaji kizuri mwaka mzima kwa hali yetu ya hewa.

1. Ya waridi

Ukiwa na hela ya mche mmoja tu, chukua huu. Jani lake limegawanyika kama vidole na lina vinyweleo laini. Mafuta ya jani hilo yana jiranioli na sitroneloli, ambazo zimo pia kwenye waridi lenyewe, ndiyo maana pua inadanganyika. Asili ya jamii hii, Pelargonium, kwa sehemu kubwa ni Afrika Kusini, hivyo jua kali la Iringa na kiangazi chetu kirefu haviutishi mmea huu.

Kwenye chai ya rangi, tumia majani mawili kwa kila kikombe. Ipua birika kwanza, ndipo uyatie, ufunike dakika tano, uchuje. Yakichemshwa pamoja na majani ya chai, harufu nzuri hupotea na mvuke, na kinachobaki ni ukakasi. Kwenye chai ya maziwa, waridi na iliki hupatana vizuri sana. Tangawizi nyingi huifunika kabisa.

Lakini uzuri wake wa kweli utauonja kwenye sharubati. Chemsha kikombe kimoja cha maji na kimoja cha sukari, ipua, tumbukiza majani manane yaliyooshwa, funika hadi ipoe, kisha chuja na uweke kwenye friji. Vijiko viwili kwenye glasi ya maji baridi yenye ndimu, au kwenye juisi ya pesheni, na mgeni atakuuliza umeweka nini.

2. Ya limau

Huu una majani madogo yaliyojikunja pembeni, na shina lililosimama wima. Faida yake kubwa ni kwenye maziwa: unapata harufu ya limau bila ile asidi inayoyakatisha. Nimeuweka wa pili kwa sababu nyumba nyingi tayari zina mchaichai, unaofanya kazi inayokaribiana na hii. Ila kwa mtu wa Makete au Njombe, ambako barafu ya alfajiri huunguza bustani mwezi Juni na Julai, jeraniamu inafaa zaidi. Nayo haivumilii barafu, lakini kopo lake unalibeba ndani jioni kwa mkono mmoja. Shada la mchaichai huwezi.

3. Ya mnanaa

Jani pana, laini kama mahameli, na mmea hutambaa. Kwa mkazi wa Tukuyu ningeupandisha hadi namba moja, maana huvumilia kivuli na mawingu kuliko wenzake. Jani moja linatosha jagi zima la maji baridi.

4. Ya tufaha

Harufu yake ni ya upole mno, chai huimeza. Ununue baadaye, kama una nafasi, uunywe kwa maji ya moto matupu.

Za kuacha

Kuna mche unaouzwa kwa sifa ya kufukuza mbu. Kuuweka dirishani hakufukuzi mbu. Chandarua kibaki palepale. Harufu yake ni kali na kwenye kikombe haipendezi. Mbegu nazo ziache: nyingi ya jeraniamu hizi ni chotara, na mbegu haikuhakikishii harufu ya mama. Mafuta ya jeraniamu ya kwenye chupa ndogo usiyatie kabisa kwenye kinywaji, ni makali mno.

Kukagua mche kabla ya kulipa

Vuta shina kidogo sana. Likicheza, umeletewa tawi lililochomekwa juzi, na hupaswi kulipia bei ya mche ulioota mizizi. Tazama shina pale linapokutana na udongo: likiwa jeusi na laini, limeanza kuoza, na ugonjwa huo hauna tiba. Geuza majani uone kama kuna inzi weupe. Kisha muulize muuzaji mche umepuliziwa dawa gani na lini. Hata akisema hakuna, mimi nashauri usiguse majani uliyonunua nayo. Subiri mmea utoe mapya, uanze na hayo.

Nunua Septemba au Oktoba, baridi ikiwa imepungua na mvua haijaanza, ili mizizi ishike mapema. Ndoo kuukuu iliyotobolewa chini inafaa, yenye udongo uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza. Mwagilia pale tu udongo wa juu unapokauka. Masika yakishika, uweke chini ya ukingo wa bati usilowe kutwa. Mimea hii huuawa na maji zaidi kuliko ukame. Kata ncha mara kwa mara ili itoe matawi, na tawi lenye urefu wa sentimita 10 unaweza kulianika kivulini saa chache, ukalichomeka na kumpa jirani. Kama mna mbwa au paka anayetafuna mimea, ning'iniza kopo juu, kwa kuwa majani haya ni sumu kwao.