COPASI kwenye laptopu: nzuri, ila chunga ujazo

Kwa aliye kwenye utafiti wa baada ya uzamivu, anayeiga seli kwa hesabu, COPASI, programu ya kuiga mimenyuko ya kikemia, inastahili nyota 4 kati ya 5. Ni ya bure, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, na ikishawekwa haidai intaneti. Stima ikikatika hapa Tudor, Mombasa, betri ya laptopu inatosha kuendelea.

Mmenyuko unauandika ulivyo: S -> P; E. S inageuka kuwa P, na hiyo E baada ya nukta-mkato ni kimeng'enya, kinafanya kazi bila kuliwa. Ukiweka = mahali pa ->, umesema mmenyuko unaweza kurudi nyuma. Milinganyo programu inajitungia yenyewe.

Balaa liko kwenye ujazo. Modeli ikiwa na chumba kimoja (yaani nafasi moja yenye molekuli zote), hesabu ya kawaida ya milinganyo hutoa mchoro uleule hata ukiacha ujazo uliokuja na programu, kwa hiyo watu hawaugusi. Ngoja uhamie hesabu ya kinasibu ya Gillespie, inayofuata molekuli mojamoja. Ukolezi wa milimola 1 kwa lita, ndani ya mililita 1, ni molekuli kama 6 × 10¹⁷, programu itagoma. Bakteria E. coli ana ujazo wa femtolita 1 hivi. Weka huo, na nanomola 1 kwa lita inashuka hadi wastani wa molekuli 0.6: mara ipo, mara haipo, na bahati nasibu hiyo ndiyo unayoitafuta. Kabla ya hapo, kila mmenyuko wenye = uugawe miwili; kwenye menyu kuna amri ya kuigawa yote kwa pamoja.

Kulinganisha modeli na data za maabara, hifadhi jedwali la Excel kama maandishi yenye tabo. Mstari mtupu katikati husomwa kuwa jaribio jipya limeanza, na wengi hulaumu modeli bure. Kati ya mbinu za kutafuta vigezo (namba za modeli zisizojulikana, kama kasi za mimenyuko), tanguliza Particle Swarm, Levenberg–Marquardt imalizie, kisha rudia mara 10. Kigezo kikitoka 0.02 mara hii na 5 mara ijayo, huku mchoro ukikaa vizuri vilevile, data zako hazitoshi kukibaini.

Nyota iliyopungua ni ya nafasi: COPASI haijui protini iko ukingoni mwa seli au katikati. Kwa hilo kuna programu ya VCell ya Chuo Kikuu cha Connecticut, ila hesabu zake kwa kawaida huenda kwenye seva za huko, na bando likiisha nawe umekwama.