Klipu ya sikioni ya kuchochea neva ya vagasi: inachoweza na isichoweza

Kifaa hiki, ambacho ni klipu ndogo ya sikioni iliyounganishwa kwa waya na kisanduku cha betri, kinauzwa kwa ahadi ya kutuliza tumbo linalouma au kujaa gesi bila vipimo kuonyesha kidonda chochote. Msingi wa ahadi hiyo si wa kubuni. Neva ya vagasi huunganisha shina la ubongo na tumbo, na takriban asilimia 80 ya nyuzi zake hupeleka habari kutoka viungo vya ndani kwenda kwenye ubongo, wala si kinyume chake kama wengi wetu tunavyodhani. Tawi lake moja hufika kwenye ngozi ya sikio, ambako umeme hafifu unaweza kulifikia bila upasuaji.

Nakisifu kwa udhibiti wa nguvu: mkondo huongezwa kidogo kidogo hadi mtumiaji ahisi msisimko usiouma.

Kasoro kubwa iko kwenye klipu yenyewe. Elektrodi, yaani ncha inayopitisha umeme kwenye ngozi, inapaswa kutulia katika kishimo kilicho juu ya tundu la sikio, penye nyuzi za vagasi, lakini nikigeuza kichwa au hata nikitafuna, huteleza. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu katika tafiti nyingi kundi la kulinganishia huchochewa kwenye ndewe, ambayo huhesabiwa kuwa haina nyuzi hizo, na bado washiriki wake huhisi msisimko. Kuhisi umeme, basi, si ushahidi kwamba neva iliyokusudiwa imefikiwa, na kijitabu cha maelekezo hakigusii hilo hata kidogo.

Kijitabu hichohicho kinajivunia idhini iliyotolewa Marekani mwaka 2019. Idhini hiyo ipo kweli, ila ni ya kifaa kingine, chenye visindano vidogo vinavyochomekwa sikioni na mtaalamu, kwa ajili ya vijana wa miaka 11 hadi 18. Kuihamishia kwenye klipu ya kujivalisha ni kuwapotosha wagonjwa, tena wagonjwa ambao wamekwisha kuchoka kuambiwa kwamba maumivu yao ni mawazo tu.

Aliyepandikizwa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikitumie, na anayepungua uzito au kupata choo chenye damu amwone daktari kwanza. Kwa wengine, nitakipendekeza kama nyongeza ya matibabu pindi watengenezaji watakapoleta klipu za ukubwa tofauti, maana masikio hayafanani.