Duka la spea pale Mwanga, Kigoma, lililokataa kuniuzia sili

Mi sio mtu wa kuandika habari za maduka ila hawa jamaa acha niwaseme. Nina Boxer 150, kazi yake kupandisha dagaa toka Kibirizi kuja Mwanga na siku nyingine nafika nazo Mwandiga, kwa hiyo shokapu za mbele hazijui raha, ukirudi chini na mzigo ukagusa breki tu pua yote inazama. Ya kulia ikaanza kutema oili. Mwanzo nikapuuza, nafuta na kitambaa naendelea, mpaka mafuta yakateremka yakaingia kwenye breki shuu, breki ya mbele ikabaki pambo.

Fundi wa kwanza akabadili sili (ile raba inayozuia oili ya shokapu isitoke), wiki mbili ikarudi kuvuja. Akabadili tena, siku tisa! Nikasema basi hizi sili ni feki, ngoja nikatafute orijino, ndo nikatumwa hili duka la pale Mwanga. Dada muuzaji badala ya kushusha boksi ananiuliza, "Kaka, paipu ya shokapu umeipitisha kucha?" Nikamwambia dada mi nimefuata sili. Akacheka, akasema sili ntakuuzia hata kumi ila zote zitachanika, nenda hapo nje kaguse kwanza.

Nikatoka, nikafuta ile paipu ya kromu na shati, nikapitisha kucha ya dole gumba toka juu kushuka. Ikanasa. Kitundu cha kutu kama punje ya chumvi, vidole vinne juu ya sili, yaani palepale sili inapopita kila nikipiga tuta. Ni mvua hiyo, pikipiki inalala nje. Hapo nikaelewa kwamba fundi alikuwa ananivalisha sili mpya juu ya msumeno.

Akaniambia dawa kamili ni paipu mpya ila kama hela hakuna kitundu kinazibika. Hela hakuna. Nikachukua sili mbili, dasti kava mbili (za kuzuia vumbi juu ya sili), oili ya shokapu 10W, gundi ya chuma ile ya kuchanganya na msasa wa maji namba 1000 na 2000, nikaenda kujifanyia nyumbani.

Sasa nyie mtakaojaribu sikilizeni hapa maana nimeumia. Pikipiki niliiweka juu ya kreti ya soda, nikatoa ringi, nikang'oa shokapu, nikafungua kifuniko cha juu (kiliruka kikapiga bati, springi ile haina adabu, usiweke uso hapo) ndo nikaanza kuhangaika na bolti ya chini ya alenkii. Ikawa inazunguka tu haitoki, kumbe inazunguka na kile kibomba cha ndani, nimekaa saa nzima natukana. Ikabidi nirudishe springi na kifuniko, mdogo wangu akaikandamiza kwa kifua mi navuta spana, ikalegea. Kwa hiyo hiyo bolti ianze kulegezwa springi ikiwa bado inabana, na kifuniko kilegezwe kidogo shokapu ikiwa bado imeshikwa na yoki (kile chuma cha juu kinachobana shokapu), usinifuate mimi.

Kitundu nilikiziba na gundi, nikaacha ikalala mpaka kesho, nikasugua na msasa wenye maji mpaka kucha ikapita bila kukwama. Kuvalisha sili ukiishusha kavu juu ya ncha ya paipu mdomo wake unakatika, unatakiwa uvike nailoni kwanza na upake oili. Rambo si zilipigwa marufuku 2019, nikatumia mfuko wa mkate. Sili nikaigonga kwa kipande cha bomba la PVC, taratibu, mpaka ile klipu inayoizuia isitoke ikaingia kwenye mfereji wake. Oili pande zote nilipima kwa bomba la sindano ili zilingane, kiasi kile cha kwenye kitabu, maana wengine wanamimina oili ya injini kwa macho halafu wanalalamika pikipiki ngumu kama mkokoteni.

Turudi dukani. Bei zao ziko juu kidogo kuliko wale wa kando ya soko, risiti mpaka uombe, na kuna oili wanapima kwenye chupa za maji haina hata lebo, hiyo msinunue, utajuaje ni 10W au ni ya hydroliki? Chukueni iliyofungwa. Ijumaa mchana wanafunga kwenda kuswali, usijisumbue kabla ya saa nane. Ila mtu anayekuzuia kununua kitu chake mwenyewe sijamwona mwingine mjini hapa. Nawapa nne kwenye tano.

Leo ni mwezi wa tatu tangu nizivalishe. Kushoto kukavu kabisa. Kulia asubuhi nikipitisha tishu inatoka na kamstari kembamba ka unyevu, haidondoki, nilimwonyesha dada picha akasema paipu mpya anayo na ameniwekea moja pembeni.