Lenzi mbili na tripodi moja: mzigo wa safari ya Lamu

Karibuni tena, watazamaji. Mezani nina lenzi tatu na tripodi mbili, na moja ya kila aina itabaki nyumbani, kwa sababu mtu anayetoka Nairobi kwa treni hadi Mombasa, kisha akaendelea kwa basi na mashua hadi Lamu, huubeba mzigo wote begani mwake mwenyewe.

Hii ndogo ni ya milimita 18 hadi 55 (namba ikikua, lenzi huvuta vya mbali zaidi na huona eneo finyu zaidi), ile inayouzwa pamoja na kamera nyingi za bei nafuu, na wengi huidharau mapema mno. Mchana haina kasoro ya kumzuia msafiri. Taabu yake huanza jua likizama, na huku kwetu karibu na ikweta giza halipigi hodi: ukiivuta hadi milimita 55, tundu lake la kuingizia mwanga hufunguka hadi f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), ilhali lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Kwa hiyo mwenzake safarini ni hii ya milimita 35 yenye f/1.8. Ile ya milimita 50 inasifiwa sana, nami sibishi, lakini kwenye kamera yenye kihisi cha APS-C, yaani kipande cha kupokea mwanga kilicho kidogo kuliko cha fremu kamili, huona eneo finyu kama la lenzi ya milimita 75 hivi, na katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Lamu, ambamo punda akipita ni lazima ujibane ukutani, hutapata nafasi ya kurudi nyuma.

Ya tatu, milimita 70 hadi 300, inabaki nyumbani. Kama ningekuwa naenda Mbuga ya Nairobi ningeichukua bila kusita, na tripodi ndiyo ningeiacha, kwani huko huruhusiwi kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa. Mfuko wa kitambaa uliojazwa maharagwe, ukiwekwa dirishani injini ikiwa imezimwa, hutuliza lenzi ndefu vizuri kabisa. Na jioni maharagwe yanapikwa.

Sasa tripodi. Hii nyeusi ina vipande vitano kila mguu, na muuzaji mmoja wa katikati ya jiji aliniapia kwamba inahimili kilo 8. Tazameni skrini: nimefunga lenzi ndefu, nimeielekeza kwenye jengo la KICC, vipande vyote vimevutwa, nami naugusa mguu kwa kidole kimoja tu. Mnaona jengo linavyocheza? Moja, mbili, tatu, bado. Nikivirudisha vipande viwili vya chini, ambavyo ni vyembamba kama penseli, mtikisiko unakatika upesi, ila sasa kamera imeshuka hadi kiunoni. Kuhimili uzito ni jambo moja. Kutulia ni jingine.

Nabaki na hii ya alumini yenye vipande vinne, ingawa ni nzito zaidi. Kufuli zake ni za kuzungusha, na mchanga ukiingia humo utasikia unasagika, hivyo kila nikitoka ufukweni huifungua, nikaiosha kwa maji yasiyo na chumvi na kuikausha kabla ya kuikunja. Ndoano iliyo chini ya nguzo ya kati ni ya kuning'iniza mkoba ili uzito wake uitulize tripodi, lakini hakikisheni mkoba unagusa ardhi kidogo. Ukiachwa hewani, upepo wa bahari utaubembeza, na picha inayochukua sekunde 4 kupigwa itaharibika.