Kugeuza Markdown kuwa PDF: programu ipi uichukue, ipi uilipie

Niliwahi kuandaa kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama ndogo za kuonyesha vichwa, orodha na majedwali, mwongozo wa kazi wenye jedwali refu la ukaguzi, kila hatua iliyokamilika ikiwa na alama ya ✓. Kwenye skrini yangu alama zote zilionekana. Nikaipa kazi Pandoc, programu ya kugeuza faili kutoka aina moja kwenda nyingine, nikatazama ukurasa wa kwanza wa PDF, nikatuma. Kesho yake msomaji akauliza mbona safu ya mwisho ni tupu. Alama zote zilikuwa zimepotea. Onyo lilikuwepo, mstari mmoja tu kwenye dirisha la amri: fonti haina herufi hiyo. Sikuusoma.

Tangu siku hiyo programu za aina hii nazipima kwa swali moja: ikishindwa, inaniambia? Sampuli nzuri za muuzaji hazinisaidii, kwa sababu programu yoyote hupendeza ukiipa kichwa cha habari na aya tatu.

Kwa hiyo kabla hujalipa, andika faili moja la majaribio lenye mambo magumu tu. Liwe na jedwali la safu sita zenye sentensi ndani yake, mstari wa msimbo wa herufi 120, anwani ndefu ya tovuti, alama ya ✓, na picha inayofuatwa na maneno "tazama picha hapo juu". Kisha weka orodha inayoanza mara tu baada ya aya, bila mstari mtupu kati yake. Hili la mwisho linaumiza watu wengi. John Gruber alipotoa Markdown mwaka 2004, aliacha mambo mengi bila kanuni kamili. CommonMark, kanuni za pamoja za Markdown, ikaja mwaka 2014 kuyanyoosha, lakini si programu zote zinazoifuata. Kwa CommonMark orodha hiyo ni orodha. Kwa Markdown ya Pandoc ni mwendelezo wa aya, na vistari vyako vinamwagika katikati ya sentensi.

1. Pandoc pamoja na LaTeX

Hii ndiyo ya kwanza kwangu, na ni ya bure. Pandoc ilianzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, profesa wa falsafa, na hadi leo sijaona inayoelewa aina nyingi za faili kuizidi. Gharama yake ni muda wako, pamoja na LaTeX yenyewe, programu ya kupanga kurasa ambayo Pandoc huitumia kutoa PDF; ukiipakua nzima inakula gigabaiti kadhaa.

Injini yake ya kawaida, yaani sehemu ya LaTeX inayotengeneza PDF, ni pdflatex. Ikikutana na herufi isiyoijua inagoma, na PDF haitoki. Wengi wanalalamikia tabia hiyo, mimi naiheshimu. Injini nyingine, XeLaTeX na LuaLaTeX, zinatumia fonti za kompyuta yako, lakini herufi isiyokuwemo kwenye fonti zinairuka na kazi inaendelea. Ndicho kilichonipata. Dawa yake ni kuchagua fonti yenye herufi nyingi, kama DejaVu Sans, na kuongeza `--fail-if-warnings` ili kila onyo lihesabiwe kuwa kosa.

Majedwali yana siri yake. Ukitumia jedwali la vistari wima, na hakuna mstari wa jedwali hilo kwenye faili unaozidi upana uliowekwa (kwa kawaida herufi 72), Pandoc haivunji maneno ndani ya visanduku, na jedwali linaweza kutoka nje ya pambizo. Mstari mmoja ukizidi hapo, upana wa safu unafuata idadi ya vistari ulivyochora chini ya vichwa. Safu ya maelezo iongezee vistari, ya namba ipunguzie. Nimeona watu wakihangaika siku nzima kwa kutojua hilo.

Picha nazo huhama: LaTeX huipeleka picha yenye maelezo mahali penye nafasi, hata ukurasa unaofuata. Usiandike "hapo juu". Itaje kwa namba. Ukitaka ibaki palepale, weka alama ya \ mara baada yake.

Ukiandika Kiswahili bila kutaja lugha ya hati, LaTeX hudhani ni Kiingereza. Neno kama "wanaojishughulisha" likifika mwisho wa mstari linaweza kukatwa katikati ya silabi. Mimi huzima kabisa ukataji wa maneno.

2. Typst

Ilifunguliwa kwa umma Machi 2023. Ni programu moja ndogo ya kupanga kurasa na kutoa PDF, ya bure, yenye kasi, na ujumbe wake wa makosa unakuonyesha mstari wenyewe. Ingekuwa ya kwanza kama faili zako zote ni mpya. Ila lugha yake si Markdown: kichwa cha habari kinaanza kwa =, na nyota moja ni maandishi mazito badala ya mlalo. Faili za zamani utazipitisha Pandoc, na hapo pana mtego. Amri za LaTeX ulizochomeka ndani ya Markdown, kama `\newpage`, zinaachwa bila neno lolote. Zitafute kwanza.

3. Prince

Hii inageuza HTML, lugha ya kurasa za tovuti, kuwa PDF. Ni ya kulipia, na inastahili ikiwa unaijua CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa hizo, na hati zako zinatoka kwenye HTML. Namba za kurasa kwenye yaliyomo na vichwa vya juu ya kila ukurasa inavipanga vizuri sana. Kwa matumizi yasiyo ya biashara ni bure, ikiacha alama kwenye ukurasa wa kwanza, kwa hiyo ijaribu yote kabla ya leseni. Bajeti ikibana kuna WeasyPrint, ya kazi hiyohiyo na ya bure, lakini haiendeshi JavaScript; hesabu zinazochorwa kwa JavaScript hazitatokea.

4. Typora

Kuandikia Markdown ndani yake ni raha tupu, na tangu 2021 inauzwa. Ripoti ya kurasa tatu, sawa. Kitabu, hapana: huna mamlaka ya kutosha juu ya mahali ukurasa unapokatika. Una siku 15 za majaribio; lipitishe lile faili gumu siku ya kwanza, kisha fungua PDF na usome kila ukurasa mpaka wa mwisho.