Kubadilisha tablete hapa Lubumbashi: ipi uchukue, ipi uache, na nani abakie na ile yake

Kila tablete mpya ikitoka kuna watu hapa Lushi wanaanza kuuza zao kwa bei ya kutupa ili waongeze pesa wachukue hiyo mpya, na wengi wao hawakuwa na haja kabisa. Mpya haimaanishi itakufaa wewe unayeishi Katuba ama Ruashi ama Kampemba, ambako umeme unakuja na kuondoka, intaneti ni mega unazonunua kidogo kidogo, na kioo kikipasuka unampelekea fundi wa mjini. Kwa hiyo nimezipanga kwa mambo manne tu: imebakiza miaka mingapi ya apdeti, inaingia sim kadi ama hapana, inachaji haraka kiasi gani, na ikivunjika itatengenezwa hapa hapa kwa pesa ya maana. Kamera sijaiweka, simu yako inapiga picha vizuri zaidi.

Tuanze na ile uliyo nayo mkononi. Kama uko na iPad ya kizazi cha 9, ile ya 2021 yenye kidude cha kubonyeza chini, bakia nayo. Hata ya kizazi cha 8 ya 2020. Zote mbili zimepata iPadOS 26, yaani sistemu ya iPad, iliyotoka Septemba 2025, kwa hiyo Apple haijaziacha bado. Ikiwa shida yako ni kwamba inazima saa kumi wakati zamani ilikuwa inafika usiku, hiyo ni batri imechoka, na batri mpya bei yake haifiki hata karibu na bei ya tablete mpya. Ila kama ni ya kizazi cha 7 ya 2019 imeishia iPadOS 18, na ya kizazi cha 6 ya 2018 imeishia 17. Hazitazimika kesho, silabusi zako za PDF zitaendelea kufunguka, lakini programu moja moja zitaanza kukukatalia, hapo ndiyo uanze kuweka pesa pembeni bila haraka.

Upande wa Samsung, wenye Galaxy Tab A8 ya 3GB na 32GB nawahurumia kweli. Sistemu yenyewe inakula sehemu kubwa ya hizo 32, WhatsApp inakula nyingine, unabaki unafuta video za harusi ya dada yako kila wiki. Hiyo badilisha. Kama yako ni ya 4GB na 64GB na umeweka kadi ya memori ndani, unaweza kungoja.

Sasa jambo la sim kadi, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu wauzaji wengi hawalisemi. Tablete ya Wi-Fi peke yake inakulazimisha kuwasha hotspoti ya simu kila saa, simu inaisha chaji, tablete inaisha chaji, na siku umeme umekatika tangu asubuhi umebaki huna hata moja. Ile ya kuingiza sim inajitegemea. Lakini iPad mpya zote, yaani ile ya chipu ya A16 ya Machi 2025, Air kuanzia M2, mini ya A17 Pro, Pro kuanzia M4, hazina tena mahali pa kuchomeka sim kadi, hata ukilipa zaidi uchukue ile ya mtandao wa simu: ni eSIM tu, yaani sim isiyo na kadi, inayowekwa na mtandao ndani ya kifaa chenyewe. iPad ya kizazi cha 10 ya 2022 inakubali zote mbili, eSIM na nano-sim ya kawaida. Kwa hiyo mtu ametoka na kizazi cha 10 akaenda A16 akidhani amepanda, amefika nyumbani na sim yake mkononi hajui pa kuiweka. Kabla ya kutoa dola hata moja nenda kwa mtandao wako, iwe Vodacom, Airtel ama Orange, uulize wazi kama watakupa eSIM kwenye tablete, na usitoke na jibu la "itakuja karibuni".

Haya, mpangilio wenyewe.

Namba moja kwa watu wengi wa hapa ni Galaxy Tab A9+ ama ndugu yake mdogo A11+, toleo la 5G. Usiogope hilo neno 5G, utaitumia kwa 4G na itafanya kazi sawa, unachonunua pale ni mahali pa sim. A9+ ilitoka Oktoba 2023, kioo cha inchi 11, batri 7040 mAh, na inakubali kadi ya memori, kwa hiyo mwanafunzi wa kampasi ya Kasapa anaweka silabusi za miaka yote na bado ana nafasi. Chukua ya 8GB na 128GB kama mfuko unaruhusu, ya 4GB inachoka mapema. Kati yake na A11+, mimi naangalia apdeti: A11+ imeahidiwa matoleo saba ya Android, na A9+ iko njiani kumaliza yake. Basi kama zote ni mpya dukani na tofauti ya bei ni ndogo, A11+ bila kufikiri mara mbili, kama A9+ ni okazio nzuri, yaani iliyokwisha kutumika, na bei imeshuka sana, A9+ bado itakuhudumia.

Ya pili, iPad ya kizazi cha 10 ya sim, okazio. Ndiyo, naiweka juu ya A16 na najua wengine watakataa. Inaingia sim, inachaji kwa USB-C kama simu nyingine za nyumbani, na kioo chake hakijagandishwa na skrini ya ndani, maana yake kikipasuka fundi anabadilisha kioo cha juu peke yake. Hilo kwa mama mwenye watoto watatu nyumbani ni pesa nyingi sana anaokoa. Ubaya wake ni 64GB bila kadi ya memori, jaza kwa akili, ama tafuta ya 256.

iPad ya A16 inafuata, kwa mtu ambaye ana Wi-Fi ya kweli nyumbani ama ofisini. Inaanza na 128GB, bei yake ya kutokea kule Marekani ilikuwa dola 349, kwa hiyo ukisikia bei ya hapa ujue umeongezewa ngapi ya njia na ushuru, na ujue pa kuanzia kubishana. Na tangu Mei 2025 WhatsApp iko na programu yake kwenye iPad, hatupiti tena kwenye brauza.

Galaxy Tab S10 FE, na S9 FE ya kabla yake, nimeziweka ya nne kwa sababu ya bei, S10 FE ilianzia dola 500 kasoro senti. Ila kama unachora plani, ama unasoma medesini na unaandika juu ya michoro ya mwili, ama unafanya kazi kwenye mgodi huko Likasi au Kolwezi, kwako wewe hii inaruka hadi namba moja. Kalamu iko ndani ya boksi hulipi tena, wakati ya Apple unanunua pembeni. Na ni IP68, kipimo cha kuzuia vumbi na maji: hiyo 6 ni ya vumbi. Mtu anayejua vumbi letu jekundu la Julai na Agosti, linavyoingia kwenye tundu la chaji mpaka waya haushiki tena, haniulizi kwa nini nalitaja.

Redmi Pad SE ya inchi 11 ni ya watoto na filamu. Batri kubwa, 8000 mAh, lakini inapokea chaji ya wati 10 tu, na hapo kuna shida: umeme ukija masaa mawili halafu ukaenda, haitakuwa imejaa. A9+ inapokea wati 15, A11+ inapokea 25. Kwenye delestaji, yaani mgao wa umeme, mimi naangalia wati (kasi ya chaji) kabla ya mAh (ukubwa wa batri). Na kama unategemea pawabanki, ya 10,000 haijazi tablete hizi mara moja kamili kwa sababu nguvu nyingine inapotea njiani, nunua ya 20,000.

iPad Air na Pro ni za mtu anayekula kutokana nazo, wa video, wa michoro. Kama unajiuliza kama unazihitaji, huzihitaji.

Ya mwisho kabisa, na hii usinunue hata kama umeongezewa kibodi, kipanya na kava bure: zile tablete zisizo na jina zinazoandikwa 12GB na 512GB kwenye boksi kwa bei ya viatu. Hizo namba zimeandikwa ndani ya sistemu ili zikudanganye. Namna ya kuzijua ni rahisi, nenda na faili kubwa kwenye fleshi, sinema kadhaa za GB kadhaa, omba uzikopie pale pale halafu ufungue ya mwisho. Feki inakwama ama faili inakataa kufunguka. Muuzaji akikataa kukuruhusu, umeshapata jibu.

Kwa okazio ya iPad fanya hivi kabla pesa haijatoka mfukoni. Mwambie muuzaji aifute yote mbele yako, halafu uanze kuiwasha kama mpya, lugha, nchi, Wi-Fi. Usikubali aseme "nimeshaifuta jana yaya, iko safi". Ukifika kwenye intaneti ikaomba akaunti ya mtu mwingine, imefungwa na iCloud ya mwenyewe wa zamani, hakuna fundi wa kukufungulia kwa haki. Na ikitokea ukurasa umeandikwa Gestion à distance, hiyo ilikuwa ya shule ama kampuni huko nje na bado wanaishika kwa mbali, wanaweza kuifunga siku yoyote. Rudisha, aga vizuri, ondoka. Afya ya batri inaonekana kwenye mipangilio kwa zile za 2024 kwenda mbele, kizazi cha 9 na cha 10 hazionyeshi, kwa hizo weka video kwa mwangaza wote nusu saa uangalie asilimia imeshuka ngapi.

Zile zinazopitia Kasumbalesa mara nyingi zinakuja na chaja ya meno matatu ya mraba ya Zambia, haiingii kwenye priza zetu za mviringo. Usitumie adapta ya kulegea legea inayotoa cheche, dai chaja inayoingia ama upunguziwe bei, na IMEI, ile namba ya kipekee ya tablete ya sim, iandikwe kwenye fakitire (risiti) pamoja na tarehe.